Sanamu ya reli Nairobi: tumpe nafasi mtu aliyepiga goti

Nairobi iko pale ilipo kwa sababu ya tambarare. Mwishoni mwa Mei 1899 reli iliyoanzia Mombasa ilifika maili ya 327, kwenye nyika yenye mto wa maji baridi ambako Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe. Mbele yake kulikuwa na mwinuko wa kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Wahandisi walitaka mahali palipo sawa pa kupangia mabehewa, kurundika reli na mataruma ya kuzibeba na kujenga karakana kabla ya kuanza kupanda. Hakuna aliyepatazama akasema hapa patafaa jiji. Mvua ikinyesha palikuwa bwawa, na tauni ilipozuka mwanzoni mwa karne ya 20, soko la Wahindi lilitiwa moto ili kuidhibiti. Hata hivyo makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa, afisi za mkoa zikatoka Machakos zikaja, na mambo yakawa ndiyo haya tunayoyaona.

Sasa shika Moi Avenue ukitokea stesheni. Utapita bustani ya kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998. Mbele yake Tom Mboya amesimama tangu 2011, karibu na mahali alipopigwa risasi mwaka wa 1969. Ukikata kuelekea Kimathi Street, Dedan Kimathi yuko na bunduki yake tangu 2007. Kenyatta Avenue kuna wale wanaume watatu wa shaba waliowekwa na Waingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika Bustani ya Jeevanjee alikuwapo Malkia Victoria, zawadi ya mfanyabiashara A. M. Jeevanjee ya mwaka wa 1906, hadi alipokatwa kichwa mwaka wa 2015. Mpigania uhuru, mwanasiasa, wanajeshi, malkia. Bila reli hakuna hata mmoja wao ambaye angekuwa na mtaa wa kusimama hapa, lakini katika msafara huu wa sanamu, mtu wa reli hayumo.

Suala hili lina haraka yake. Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mradi wa Nairobi Railway City, unaokusudia kuzijenga upya eka 425 zinazoizunguka stesheni kuu. Miradi ya namna hii ina michoro yake ya kawaida: uwanja mpana, miti iliyokatwa vizuri, watu wanaotembea wakitabasamu, na katikati kitu cha sanaa ambacho mchoraji amekiweka kama doa la rangi kwa sababu bado hakuna aliyeamua kitakuwa nini. Doa hilo ndilo linalonihangaisha. Likiachwa hadi dakika ya mwisho, najua kitakachokuja: kichwa cha treni cha chuma kinachong'aa, juu ya jukwaa la saruji, kimezungushiwa minyororo na taa za rangi, na kibao chenye jina la mheshimiwa aliyekifungua kikiwa na herufi kubwa kuliko maelezo ya kilichofunguliwa.

Nina pendekezo lingine. Jiji liweke sanamu moja ndogo, isiyopita urefu wa goti, ya mtu aliyeitunza njia ya reli. Tusimpe nafasi hiyo aliyeiamuru ijengwe, wala aliyeigharimia, wala mashine iliyopita juu yake. Na awe mdogo hivyo kwa makusudi, hata kama kasma ya kumfanya mkubwa ipo.

Nianze na udogo, maana najua ndio utakaochekwa. Tumezoea kwamba heshima hupimwa kwa futi. Lakini sanamu kubwa ina tabia moja: inakulazimisha uinue uso, na mtu akishainua uso anakuwa ameambiwa tayari jinsi ya kufikiri. Kwa Kimathi hilo halina ubaya, kwani aliwekwa pale ili ainuliwe macho. Kwa reli ni balaa. Hii ni reli iliyojengwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya kuifikia Uganda na kuidhibiti njia ya Ziwa Victoria, kwa gharama ya zaidi ya pauni milioni tano za wakati huo, na ambayo iliporejeshewa fedha zake ilirejeshewa kwa ardhi ya watu wengine. Walowezi waliletwa ili treni ipate mizigo. Ukiisimamishia mnara, umeshukuru, utake usitake. Ukikataa kabisa kuikumbuka, umewafuta watu waliofanya kazi humo vizazi vitatu, wakalea watoto kwa mshahara wake, wakaunda vyama vyao vya wafanyakazi humo humo. Sanamu ya urefu wa goti inapita katikati ya shida hizo mbili: inakumbuka bila kusujudu.

Miji mingine imeshalijaribu jambo hili, tena kwa mafanikio yasiyotarajiwa. Kule Wrocław, Poland, miaka ya 1980 vijana wa vuguvugu la Orange Alternative walikuwa wakichora vibete kwenye mabaka ya rangi ambayo serikali ya kikomunisti iliyapaka ili kufuta maandishi ya upinzani ukutani. Polisi wakawa katika hali ya kuchekesha: wamkamate nani, na kwa kosa gani, kuchora kibete? Mwaka wa 2001 kibete wa shaba aliwekwa mjini kulikumbuka vuguvugu hilo, na mwaka wa 2005 mchongaji Tomasz Moczek akatengeneza wengine watano, wadogo wa kufika kwenye mguu tu. Leo wapo kwa mamia. Watalii huenda mji ule na ramani mkononi wakivitafuta vibete chini ya madirisha na kando ya ngazi, na wanapovitafuta wanauona mji wenyewe. Hapo ndipo penye siri ya kitu kidogo: hukioni mpaka upunguze mwendo.

Wrocław ina onyo lake pia. Kampuni na maduka wamegundua kwamba wanaweza kulipia kibete wao, na kilichoanza kama mzaha dhidi ya dola kimekuwa kwa sehemu kubwa matangazo ya biashara. Nairobi, mahali ambapo hata mizunguko ya barabara hupewa wadhamini, tungefika huko kwa miezi sita. Ndiyo maana nasema sanamu moja. Moja tu, yenye kazi moja.

Mfano wa pili uko mlangoni mwa stesheni ya Shibuya, Tokyo, na huo wanaujua hata wasiojua kwamba wanaujua: mbwa Hachikō, aliyeendelea kumngoja profesa wake stesheni baada ya profesa huyo kufariki mwaka wa 1925. Sanamu yake iliwekwa mwaka wa 1934, mbwa mwenyewe akiwa bado hai. Wakati wa vita shaba yake ilichukuliwa ikayeyushwa, na mwaka wa 1948 ikawekwa nyingine, kazi ya mwana wa mchongaji wa kwanza. Si sanamu kubwa. Lakini watu wa Tokyo wakitaka kukutana Shibuya huambiana "pale Hachikō". Hakuna anayesema tukutane kwenye mnara wa maendeleo ya reli. Sanamu ya stesheni inayofaulu ni ile inayoingia katika maagizo ya njia na miadi ya watu, kama Archives, jengo la nyaraka za taifa, ilivyo kwetu Nairobi leo: nusu ya wanaokutana pale hawajawahi kupanda ngazi zake.

Sasa, nani achongwe?

Wengi watasema treni yenyewe. Naielewa hamu hiyo. Aliyewahi kusimama karibu na zile injini za mvuke za Garratt za daraja la 59 anajua uzito wa neno "injini". Zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 na jina la mlima wa Afrika Mashariki, na hakukuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda katika reli yoyote ya upana wa mita moja duniani. Mojawapo, Mount Gelai, iko katika Jumba la Makumbusho ya Reli, hatua chache tu kutoka stesheni, na yeyote anaweza kwenda kuigusa. Ukiwa na kitu halisi cha tani 252, ya nini kutengeneza mfano wake wa kilo 30? Ungekuwa mwanasesere.

Wengine watasema simba wa Tsavo. Hapa sina subira. Simba wale wawili wa 1898 wamepata sifa kupita yeyote aliyehusika na reli hii. Ngozi zao ziliuzwa Chicago, wakajazwa na kusimamishwa katika jumba la makumbusho la Field, na hadi leo ndio wanaotajwa kwanza. John Patterson aliyewaua alifikia kudai kwamba walikula watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya yao walikadiria mwaka wa 2009 kwamba ni kama 35. Vyovyote iwavyo, waliokufa katika ujenzi wote, kwa kuwahesabu wafanyakazi walioletwa kutoka India peke yao, ni karibu 2,500 kati ya karibu 32,000, yaani takriban wanne kwa kila maili. Wengi waliuawa na malaria, kuhara na magonjwa mengine, siyo na simba. Kumchonga simba ni kuendeleza hadithi iliyomfaa mwindaji.

George Whitehouse, mhandisi mkuu? Alikuwa hodari, na ana vitabu vya kumtaja. Jeevanjee, aliyepata utajiri kwa zabuni za reli? Bustani yenye jina lake bado ipo, tena wananchi wameitetea isichukuliwe, na hiyo ni heshima kubwa kuliko shaba.

Mtu wangu ni yule wa gengi. Katika reli ya mtindo huu wa Kiingereza, njia iligawanywa vipande, na kila kipande kikawa na kikosi chake cha watu wachache walioishi kando yake kwenye landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli. Kazi yao haikuwa na sherehe ya ufunguzi. Treni nzito ikipita, reli hutikisika juu ya mataruma, vibano hulegea, kokoto hutawanyika, kona hujisukuma nje kidogo kidogo. Jua likiwaka chuma hurefuka, usiku ukiingia hunywea. Kwa hiyo kila siku ilimpasa mtu mmoja kutembea kipande chake chote, nyundo ya mpini mrefu begani na spana mkononi, akigonga vibano virudi mahali pake, akitazama kila kiungo. Alibeba bendera nyekundu na ya kijani, na vifataki bapa vya kufunga juu ya reli: akikuta njia imeharibika huku treni inakuja, alivifunga mbali vya kutosha upande treni inakotoka, gurudumu likavikanyaga vikalipuka, na dereva akajua lazima asimame hata kama kuna ukungu asione bendera. Abiria aliyelala daraja la kwanza hakuwahi kulijua jina la mtu huyo. Wala yule wa daraja la tatu.

Kuna tendo moja la kazi hiyo ambalo kila ninapolifikiria naona sanamu imeshajichonga. Gengi linapotaka kunyoosha njia iliyopinda, kiongozi wao huenda mbali kidogo, akapiga goti, akainama hadi shavu likakaribia kuigusa reli, akafumba jicho moja na kutazama kwa lile lingine mstari wa chuma unavyokwenda. Wenzake wamesimama huko mbele na mitaimbo wameipenyeza chini ya reli. Yeye hasemi kitu, huenda hata wasingemsikia. Anainua mkono: kushoto kidogo. Wanasukuma. Kidogo tena. Basi. Hana kamba wala chombo cha kupimia, ana jicho lake, na jicho hilo likikosea treni inaanguka.

Mchonge hivyo. Amepiga goti, shavu karibu na kipande cha reli halisi iliyotolewa kwenye njia ya zamani, mkono mmoja juu. Sasa angalia kitakachotokea mtaani. Sanamu iko chini, na anachokitazama kiko chini zaidi. Mtoto ataona kwanza. Atachuchumaa, atafumba jicho naye atazame mstari ule. Mzazi aliyemshika mkono atalazimika kuinama. Na ukiilaza reli hiyo ielekee upande maalumu, utakuwa umeamua jambo kubwa: watu wote watakaoinama watatazama unakotaka watazame. Mimi ningeielekeza mashariki, Muthurwa. Sababu nitaifikia.

Nasikia pingamizi tayari: mtu mweusi aliyepiga goti, katika mji wa mkoloni, hiyo si aibu? Pingamizi hili ni la haki na halijibiwi kwa kupuuzwa. Kuna sanamu duniani ambamo Mwafrika amepiga goti mbele ya Mzungu na zinachukiza. Jibu liko katika kazi yenyewe. Huyu hajapiga goti mbele ya mtu. Mbele yake kuna chuma, na wenye nguvu walioko upande wa pili wanangoja mkono wake. Ni yeye anayeamuru. Mchongaji akishindwa kuonyesha hivyo, uso ukawa wa unyonge na mkono ukawa wa kuomba, sanamu hiyo irudishwe karakana. Hilo liandikwe kwenye mkataba.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: awe Mhindi au Mwafrika? Waliotandaza reli hadi Kisumu, ilipofika Desemba 1901, wengi walikuwa Wapunjabi na wengineo kutoka Bara Hindi, walioletwa kwa mkataba, na kwa sababu ya mkataba huo walihesabiwa, wakaandikwa, na vifo vyao vikaandikwa. Waafrika waliofyeka vichaka na kubeba mizigo hawakuandikwa kwa uangalifu huo. Baadaye, kwa miongo mingi, magengi yalikuwa ya Waafrika. Kura yangu ni kwa Mwafrika wa miaka ya 1950, kaptura ya kaki na kofia yake kuukuu, kwa sababu moja isiyo ya kisiasa: watoto wa watu hao bado wako hai. Wanaweza kumweleza mchongaji jinsi baba alivyoifunga kofia, alivyoishika nyundo, alivyovua viatu mlangoni. Sanamu nyingi za historia zinachukiza kwa kuwa mchongaji alibuni mwili baada ya kukosa wa kumuuliza. Hapa wa kuulizwa wapo, ingawa si kwa muda mrefu. Wale wa kutoka India wastahiki yao iwekwe waliposhukia, Mombasa, karibu na Kilindini, tena nayo isiwe kubwa.

Kuhusu mahali, nitasema kwa ufupi: nje ya lango la makumbusho, nje ya uzio wa stesheni, kwenye njia ya miguu ambayo watu wa treni za asubuhi huifuata kwenda mjini. Treni hizo ndizo reli iliyo hai. Hata SGR, ile reli mpya iliyofunguliwa Mei 2017 kwa shangwe zote haifiki katikati ya jiji. Stesheni yake ya Nairobi iko Syokimau, na abiria huletwa mjini kwa treni nyingine juu ya njia ya zamani ya mita moja. Mzee bado anambeba kijana mgongoni. Sanamu isikae katikati ya njia watu wakajikwaa, mikokoteni ikaivunja mkono na kanjo, askari wa jiji, wakapata kisingizio kipya cha kuwafukuza wachuuzi. Ikae kwenye ukingo wa ukuta, mahali ambapo mtu huweka mzigo apumzike.

Halafu kuna wezi. Tusijifanye hatuwajui. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini kwa miezi kadhaa, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kukaa gizani. Reli ya zamani imeng'olewa mataruma yake ya chuma sehemu nyingi. Sanamu ya shaba ya kilo 30, iliyo chini, mahali penye watu wengi mchana na wachache usiku? Ingemaliza wiki ngapi? Wengine hulitumia jambo hili kama hoja ya kutoweka kitu chochote kizuri mtaani. Mimi naliona kama sharti la usanifu tu. Isiwe shaba. Isubuliwe kwa chuma cha kawaida, ambacho kwa kilo hakina bei ya kumkosesha mtu usingizi, na shina lake lishuke ndani ya zege kina kirefu kuliko urefu wake juu ya ardhi. Chuma kitashika kutu, na vema kishike. Hakuna kitu cha reli nilichowahi kukigusa kisicho na kutu. Mahali pa mkono na shavu patang'aa kwa kushikwa. Mafundi wa Kamukunji wanaofua masanduku na majiko kutwa nzima wapewe sehemu ya kazi, kwa malipo ya fundi, siyo ya picha ya kupiga na mheshimiwa.

Kwa njia, wizi wa vyuma vya reli una ukoo mrefu kuliko tunavyodhani. Wanandi walikuwa wakichukua bolti za reli na waya wa simu wakatengeneza silaha na mapambo, na hilo likawa mojawapo ya malalamiko makubwa ya Waingereza dhidi yao. Kwa Wanandi haukuwa wizi. Walikuwa katika vita na waliovamia nchi yao, vita vilivyoendelea kwa kukatika na kuungana tangu 1895 hadi Oktoba 1905, afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alipomuua kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, katika mkutano ulioitwa wa mapatano. Kibao cha sanamu ya reli ambacho hakina jina la Koitalel ni kibao cha uongo. Najua kitakuwa kidogo. Ipo nafasi ya jina moja.

Nilisema nitaeleza kwa nini reli ya sanamu ielekee Muthurwa. Waliopanga mji huu walikuwa watu wa reli kabla ya kuwa watu wa serikali, na walipanga kwa daraja kama walivyopanga mabehewa: maafisa mlimani penye upepo, vibarua mabondeni, mashariki ya njia. Muthurwa ilijengwa kuwa landhi za wafanyakazi Waafrika wa reli, chumba kwa familia, bomba na choo vya pamoja. Miongo ikapita, waajiriwa wakawa wastaafu na watoto wao wakawa wapangaji. Mtaa wenyewe ukawa mali ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, ambao ulitaka kuuendeleza upya ili upate fedha za kuwalipa wastaafu. Mwaka wa 2010 nyumba zikaanza kubomolewa na maji kukatwa watu wakiwa ndani. Wakaazi wakaenda mahakamani, na mwaka wa 2013 Mahakama Kuu ikasema haki zao, ikiwamo ya makazi bora, zilikiukwa.

Itazame kesi hiyo kwa makini. Upande mmoja ni wazee wa reli wanaongoja pensheni. Upande wa pili ni wazee wa reli na jamaa zao wanaongoja wasifukuzwe. Wote wawili wako sahihi, na kilichowagonganisha ni kwamba shirika lilipodhoofika, kitu pekee cha thamani kilichobaki cha kuwalipia watu wa reli ni ardhi waliyolala juu yake. Urithi wa reli wa jiji hili haupo kwenye moshi wa injini. Upo hapo, na katika Makongeni, mtaa mwingine wa reli ambao nao zamu yake ya kubomolewa imewadia. Ndiyo sababu naiogopa sanamu hata ninapoitaka: ni rahisi sana jiji kumweka mzee wa chuma barabarani na kumtoa mzee wa nyama chumbani, wiki hiyo hiyo, kwa bajeti ya mradi huo huo.

Kwa hiyo maneno ya kibao yana uzito kuliko shingo ya sanamu. Yale mawe ya Kenyatta Avenue yana maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na mmoja kati ya wanaume wale watatu ni mpagazi, siyo askari. Mkoloni mwenyewe aliona haya kumwacha nje. Tusishindwe na yeye. Kibao chetu kianze kwa Kiswahili na kiseme hivi, au karibu na hivi: Reli ilianza Mombasa mwaka wa 1896 ikafika hapa Mei 1899. Watu karibu 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga na karibu 2,500 wakafa. Waafrika waliofanya kazi pamoja nao hawakuhesabiwa. Wanandi na kiongozi wao Koitalel waliipinga. Waliotunza njia hii waliishi Muthurwa, Landi Mawe na Makongeni. Kisha nukta. Jina la aliyekata utepe liandikwe nyuma, upande wa ukutani.

Kinachobaki ni utaratibu, na hapo ndipo mambo yetu hufia. Tangazo la zabuni litoke kabla michoro ya viwanja haijafungwa, likitaja urefu, chuma, mahali na maneno. Kamati iwe na angalau wastaafu wawili wa magengi, wasiwe wa kupamba meza. Wawe na haki ya kukataa kielelezo cha udongo kabla hakijasubuliwa. Waitwe wakaazi wa landhi walete picha za zamani zinakiliwe na zirudishwe kwa wenyewe siku hiyo hiyo, maana wengi wana kumbukumbu ya picha zilizoazimwa na afisi zisionekane tena. Na katika bajeti ya kila mwaka ya matengenezo ya stesheni kiwepo kifungu cha kukaza na kusafisha sanamu hiyo, kwa jina lake, kisifichwe chini ya "mengineyo".